Matone ya Afande Mufid

Baba yangu, Mufid Halabi, alikuwa polisi wa bandari ya Haifa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwasaka wauza bangi. Alipostaafu alirudi kijijini kwetu, juu mlimani Karmeli, akapanda mizabibu. Kisha saratani ya tumbo ikamshika.

Ugonjwa wenyewe aliuvumilia. Dawa za dripu za kuua saratani ndizo zilizomvunja. Alikuwa akitapika hata maji, na sindano zote za kuzuia kichefuchefu zikashindwa. Mama alimpikia majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, chakula akipendacho kuliko vyote, naye akageuza uso ukutani. Daktari Noga, aliyekuwa akimtibu, akatuambia waziwazi kwamba uvimbe umeanza kusinyaa na unaweza kukatwa, lakini hakuna mpasuaji atakayemgusa mtu aliyekonda hivyo. Akashauri mafuta ya bangi, ambayo sasa sheria inayaruhusu kwa cheti cha daktari, matone chini ya ulimi. Hakuahidi muujiza. Alisema huwasaidia baadhi ya wagonjwa, wengine hapana.

Baba alikataa. Mama alilia, mimi nikamsihi, lakini hakutikisika.

Wiki iliyofuata, wodini, alikalishwa karibu na mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya sufu. Mzee yule alimtazama kwa muda mrefu.

"Afande Mufid," akasema. "Hunikumbuki? Prosper Abutbul. Ulinitoa chini ya lori la machungwa, umenishika mguu."

Baba alimkumbuka. Nilimwona akijikaza kitini kama anayengoja kupigwa. Prosper hakumpiga. Alimweleza kwamba mwanawe wa kwanza alizaliwa yeye akiwa gerezani, na kwamba alimchukia baba miaka mingi hadi chuki ikamchosha. Kisha akatoa kichupa mfukoni, akadondosha matone yake chini ya ulimi, mbele ya muuguzi.

"Na wewe wamekuandikia?"

"Wameniandikia. Sitaki."

"Kwa nini?"

"Nitawatazamaje watu niliowafunga?"

"Mtazame huyu hapa. Mimi nilifungwa kwa ajili ya mmea huu, nawe unataka kufa kwa ajili yake. Sasa mjinga ni nani kati yetu?"

Njiani kurudi nyumbani baba aliniomba nisimame kwenye duka la dawa.

Mwanzo wake ulikuwa mbaya. Alipoona matone ya kwanza hayamfanyi kitu, aliongeza mengine kwa siri. Chumba kikamzunguka, akashikilia kitanda kwa mikono miwili, akimwomba Mama asiende mbali. Kulipokucha aliona aibu, akataka kukitupa kichupa. Daktari Noga alimkemea kwenye simu kama mtoto.

"Mzee wangu, dawa ni dawa. Ungemeza vidonge vya presha kwa kukisia? Punguza, kisha uongeze polepole, na usiguse usukani."

Safari hii alitii. Siku zikapita bila tofauti kubwa, ila ndoo iliyokuwa kando ya kitanda ikawa haihitajiki kila saa. Halafu asubuhi moja nilimkuta jikoni, amesimama kwa miguu yake, anakula mkate kwa jibini huku Mama akijifanya anaosha vyombo ili machozi yake yasionekane. Nilirudi nyuma polepole, nikiogopa kumkatiza.

Alianza kunenepa. Mpasuaji akampangia siku, upasuaji ukaenda salama, na uvimbe ukatolewa wote. Daktari Noga alitukumbusha kwamba dripu na kisu ndivyo vilivyopambana na saratani. Matone yalimpa baba nguvu ya kuvingoja.

Kipupwe kilipoisha Prosper alipanda mlimani kututembelea. Yeye bado yuko kwenye matibabu, ila anatembea vizuri. Mama alimjazia sahani mara tatu. Baba alimchukua kumwonyesha mizabibu, nikawasikia wakibishana kuhusu timu ya Haifa, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake hajui mpira.

"Afande," Prosper akasema, "hapa pangefaa pia mche mmoja wa ule mwingine."

"Jaribu tu," baba akajibu, "uone kama nimesahau kazi."

Wakacheka hadi baba akalazimika kushika mshono wa tumbo lake.