Wasikilizaji Watano

Pasi ya makaa ilikuwa imeshika moto vizuri. Latif, fundi wa nguo, aliipitisha polepole juu ya kola ya koti jeusi, akiwa ameweka kitambaa chenye maji katikati ili koti lisipate kung'aa. Umurerwa alisimama mlangoni, akitazama barabara ya Mbugangari kama mtu asiyetaka kuonekana.

"Koti si yako na si yangu," Latif alisema. "Mwenyewe anaoa Jumamosi, anakuja kuichukua leo jioni. Donc usitoe jasho, usikalie chaki, usikumbatie mutu."

"Sitakumbatia mutu, tonton."

"Hata ukifaulu mtihani?"

"Hata nikifaulu."

Latif alicheka, akamvalisha mwenyewe kama anavyomvalisha binti yake. Mikono ilikuwa mirefu kidogo, akaikunja kwa ndani na kuishikiza kwa nyuzi mbili. Umurerwa alipofungua pochi alimkataza. Mtoto wake alipougua, alisema, Donatille, mama yake Umurerwa, alimletea sambaza, dagaa wa ziwani, kila asubuhi mpaka akapona, na hakuna aliyemwomba.

"Nenda, mwana wangu. Ongea vizuri."

Umurerwa alishukuru, akakata njia kupitia nyuma ya msikiti ili asipite penye wanawake wa mpakani. Kitu kimoja alikisahau. Hakumwambia Latif anyamaze.

Donatille, mama yake, alikuwa muuza sambaza. Alfajiri alishuka ziwani upande wa Nyamyumba, akanunua samaki wabichi wavuvi walipotoka majini, akawafunika kwa kitambaa kibichi na kuvuka nao mpakani kwenda kuwauza Goma, nchi jirani. Walivuka wanawake wanne pamoja, kila siku, beseni kichwani. Ilikuwa kazi ya kukimbizana na jua, maana sambaza hawamngoji mtu, na siku hizo mpaka ulifungwa saa tisa mchana. Aliyechelewa asubuhi aliuza kwa bei ya kuomba, au alirudi nao wameanza kulainika.

Kwa kazi hiyo Umurerwa alifika mwaka wa pili wa masomo ya mawasiliano, katika chuo kidogo cha ghorofa moja upande wa ziwa. Wiki ya kwanza mwalimu aliwaambia kila mmoja asimame ajitambulishe. Mmoja alisema baba yake ni daktari, mwingine mama yake yuko benki. Ilipofika zamu yake, Umurerwa alisema mama yake anafanya biashara ya kimataifa. Haukuwa uongo kamili. Lakini darasa lilimtazama kwa heshima, na heshima ile aliipenda, na tangu siku hiyo ikawa lazima ailinde.

Sasa ulikuwa mtihani wa hotuba. Chuo kilikuwa na sharti lake: hotuba bila hadhira haipimwi. Kila mwanafunzi alete wasikilizaji watano, watu wazima, wenye mavazi ya heshima. Asiye nao atarudia muhula.

Umurerwa alipomweleza mama yake sharti hilo, Donatille aliweka kijiko chini kwa furaha.

"Watano? Mi na wenzangu, tayari iko wane. Latif wa tano. Ni siku gani?"

Umurerwa alitazama miguu ya mama yake, iliyopasuka kwa maji ya ziwa, na ndara za plastiki.

"Ijumaa, maman," alisema.

Mtihani ulikuwa Jumatano.

*

Kwenye kibanda cha fotokopi mbele ya chuo, Kenny na Ricky walikuwa wameshavaa suti. Walikuwa vijana wawili wasio na kazi, walioona kwamba wanafunzi wengi hawana watu watano wa kuwaleta. Wakakusanya wenzao watatu, wakawa wanakodishwa.

"Sista, tulidhani umekimbia," Kenny alisema. "Bon. Kuitika kwa kichwa iko ndani ya bei. Kupiga makofi iko ndani. Kucheka njo tunaongeza bei."

"Hakuna mahali pa kucheka."

"Basi Ricky anaweza kulala."

"Mi silali," Ricky alisema. "Nafunga macho nisikie vizuri."

Aliwalipa kwa pesa ya viatu ambayo mama yake alimpa, na viatu akaazima kwa rafiki. Vilimbana vidole.

Chumba cha mtihani kilikuwa kule mwisho wa jengo. Madamu Kayitesi, mwalimu wa hotuba, alikaa nyuma na kompyuta yake. Alikulia Tanzania kabla ya kurudi nyumbani, na hakuwa mtu mkali; mwanafunzi akitetemeka alimpa maji. Aliwatazama wasikilizaji watano wamekaa safi mbele, suti tano, akaandika kitu.

"Familia?" aliuliza.

"Watu wa karibu, Madamu."

Umurerwa alikuwa ameshapanga karatasi zake mlango ulipogongwa. Aliingia Viateur, mlinzi wa geti, kofia mkononi.

"Samahani, Madamu. Kuna wamama wane wamefika getini. Wako na mabeseni ya samaki. Wanasema wamekuja kumusikiliza Umurerwa." Akamgeukia. "Unawajua?"

Ricky alifumbua macho. Kenny alitazama viatu vyake. Madamu Kayitesi aliinua uso kutoka kwenye kompyuta, akangoja, na Umurerwa alihisi kola ya koti ikimpanda shingoni. Harufu ya samaki haikuwa imefika ndani, lakini yeye aliisikia.

"Siwajui," alisema.

"Mmoja anaitwa Donatille."

"Siwajui. Labda wamekosea chuo."

Sauti yake haikutetemeka. Ilitoka tumboni, kama walivyofundishwa, ikajaa chumba.

"Na hata kama hawajakosea," Madamu alisema, "mabeseni ya samaki hayaingii. Sharti ni mavazi ya heshima, Viateur, unalijua."

"Ninalijua, Madamu." Viateur alibaki amesimama kidogo, akimtazama Umurerwa, si kwa hasira. Halafu akavaa kofia na kufunga mlango taratibu, bila kuupiga.

Umurerwa alitoa hotuba yake kwa Kiingereza, dakika zote alizopewa. Ilihusu kusikiliza. Alisema kwamba anayesema lazima kwanza awatambue walio mbele yake, na kwamba binadamu akisikilizwa hukua. Wasikilizaji watano waliitika kwa kichwa kila mahali alipotua. Mwishoni walipiga makofi pamoja na kunyamaza pamoja.

"Kumi na saba juu ya ishirini," Madamu Kayitesi alisema. "Kwenye hadhira nimekupa alama zote."

*

Hakutaka kupita getini. Alizunguka nyuma ya jengo, penye ua wa michongoma na uwazi ambao wanafunzi waliochelewa hupenyea. Alipokata kona akasimama.

Wanawake wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi la mlinzi, wameegemea ukuta. Mabeseni yalikuwa kivulini, yamefunikwa majani juu ya vitambaa vibichi, na kando yake kulikuwa na ndoo ya maji ambayo Viateur aliwaletea ili samaki wasikauke. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na dirisha la chumba cha mtihani. Vioo viwili havikuwepo.

"Eh, sista yule anaogopa," sauti ya Kenny ilisema ndani, wazi kabisa, kama mtu aliyekaa kwenye benchi lile lile. "Ricky, lete Fanta yangu."

Umurerwa alitazama dirisha, akatazama benchi. Hakuna mwanamke aliyemtazama. Mmoja alikuwa anafunga upya kitambaa chake cha kichwa, na kilikuwa kimefungwa vizuri. Mama yake alikuwa anainua jani juu ya beseni na kulirudisha palepale.

Aliyesema kwanza ni Nyirahabimana, mmoja wa wale wanne, ambaye hata mazikoni hakuacha utani.

"Yewe, Kizungu yako inakimbia! Mi nilifukuzana nayo, nikashika neno moja tu. Senkyu."

Walicheka wote, kwa nguvu kuliko utani wenyewe.

"Latif njo alituambia," Donatille alisema. "Tulipita pale na mizigo, akasema, nyinyi munaenda Goma na mutoto anaongea leo? Tukarudi. Nikasema kwa hawa, mutoto alificha siku ili tusikose soko. Alituonea huruma. Sivyo?"

Alisema hivyo akiangalia samaki. Aliuacha mlango wa kisingizio wazi, ili mtoto wake aingie akitaka.

"Maman, mulifika saa ngapi hapa dirishani?"

Donatille alichota maji ya ndoo, akawanyunyizia samaki.

"Madamu alisema wasiingie," Viateur alisema kutoka penye ua, kama mtu anayejitetea. "Hakusema wasikae nyuma. Niliwaleta kwanza hapa, halafu nikaingia kuuliza."

Donatille alimtazama kwa kumshukuru, na kwa kumwomba anyamaze.

Umurerwa aligeuka, akarudi ndani karibu anakimbia, viatu vikimuuma. Wale vijana walikuwa wameshatoka. Madamu Kayitesi alikuwa anangoja mwanafunzi wa pili.

"Madamu, wale wamama ni wangu. Donatille ni mama yangu. Naomba nirudie hotuba mbele yao, hata nje, hata wamesimama."

Madamu alivua miwani.

"Alama nimeshaziingiza kwenye mfumo."

"Lakini wale watano nilikodi."

"Shh." Madamu alitazama mlango. "Nikifungua mfumo, nitaulizwa sababu. Nikiandika kwamba hadhira ilikuwa ya kukodi, wewe utarudia muhula, na wenzako wote wa mwezi huu watarudia. Unafikiri siwajui akina Kenny? Nimewaona mara tatu wiki hii. Ricky ameshakuwa mjomba wa watu wanne."

"Kwa hiyo munajua."

"Kila mtu anajua. Mkuu anajua. Sharti linataka suti tano, suti tano zinakuja." Alisema kwa uchovu, halafu akachukua chupa yake ya maji, bado haijafunguliwa, akamsogezea. "Mpe mama yako. Na uwatoe pale nyuma kabla mkuu hajapita, wasije wakatukanwa."

Umurerwa alitoka na chupa ya maji na alama zake kumi na saba.

*

Jua lilikuwa limepanda. Wanawake walikuwa wamesimama, wakisaidiana kutwishana mabeseni. Maji ya samaki yalianza kutiririka ukutani mwa beseni la Donatille, na Umurerwa aliyajua maji yale: yakianza kuwa mekundu, bei imeshuka nusu.

"Wataharibika," alisema.

"Haitaharibika yote," mama yake alisema. "Twende tu."

"Nipe mimi nibebe."

"Oya, hapana. Na nguo hiyo?"

"Nipe, maman."

Alichukua kata ya majani ya migomba kutoka kichwani mwa mama yake, akaiweka kichwani mwake, akapiga goti ili wamtwishe. Donatille hakumtwisha. Aligusa kola ya koti kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa kitu cha wengine.

"Ngoja. Hii ni koti ya bwana harusi, Latif alisema."

Akafungua kitenge chake cha juu, akabaki na cha ndani kilichofifia, akamzungushia mtoto wake mabegani mara mbili na kumfungia shingoni. Alilaza vizuri pindo juu ya kola. Mikono yake ilinuka samaki, kwa hiyo alijitahidi isiguse shavu la mtoto. Umurerwa aliiona inavyokwepa. Siku nzima hakuna kitu kilichomuumiza kuliko mikono ile kukwepa.

Wakamtwisha. Hawakupita penye ua. Alitangulia yeye mpaka getini, na Viateur alifungua milango yote miwili, kama kwa gari.

Kwenye kibanda cha fotokopi wanafunzi wenzake walikuwa wamejaa. Kenny alikuwa amelegeza tai.

"Umurerwa?" msichana mmoja aliita, yule ambaye mama yake yuko benki. "Ni wewe? Nani hao?"

"Mama yangu," Umurerwa alisema.

Sauti haikufika. Beseni lilikuwa zito, shingo imekaza, na neno lilitoka dogo.

"Unasema?"

"Usiongee na muzigo kichwani," Donatille alimwambia kwa upole kutoka nyuma. "Utamwaga. Achana nao."

Alikuwa anampa mlango mwingine tena. Umurerwa alisimama katikati ya barabara. Maji ya samaki yalimshuka sikioni, yakaingia kwenye kitenge, na labda kwenye koti. Alivuta pumzi mpaka tumboni, kama walivyofundishwa.

"Ni mama yangu!" alisema. "Anauza sambaza Goma. Alikuja kunisikiliza, na mi nikasema simujui."

Hakuna aliyeitika kwa kichwa, hakuna aliyepiga makofi. Mashine ya fotokopi ilitoa karatasi moja, halafu nyingine.

"Ayiwe," Nyirahabimana alisema polepole, na safari hii hakuongeza utani.

Donatille alifika ubavuni mwa mtoto wake, akaweka kiganja kimoja chini ya beseni kulisaidia uzito. Mkono mwingine, uleule wa samaki, aliupitisha shavuni mwa Umurerwa, akafuta maji.

"Bon," alisema. "Mpaka unafungwa. Tembea."