Gego la Tausi

Tausi, jike jeupe la farasi, alianza kutema majani mwezi wa pili baada ya mazishi ya mke wangu. Alitafuna kichwa kikiwa upande, kisha akadondosha donge bichi lenye mate. Kila asubuhi niliyafagia madonge hayo bandani, huku juu ya Sanya Juu tunakofuga farasi wa kupandwa na watalii.

Ugonjwa niliujua. Meno ya farasi hayaachi kuota. Kila mwaka lazima yapigwe tupa, la sivyo kingo zinakuwa wembe na kuchana mashavu. Daktari alikuwa anakuja kila kiangazi. Sylvanus, meneja wetu, akamfuta miaka miwili mfululizo.

"Pundamilia porini nani anawapiga tupa?" alisema, ofisi nzima ikacheka. Wakubwa wakicheka, ujue kuna mtu ataumia.

Lukresia, mke wangu, ndiye alikuwa anamlisha Tausi. Naye aliondoka kwa jino. Shavu la kushoto lilivimba, akawa anasaga meno kwa maumivu. Gari la ofisi la kumpeleka hospitali, Sylvanus alituambia, limekwenda kupokea wageni. Akajaza karafuu kwenye tundu la gego. Siku ya nne alikata roho.

Sasa kila jioni, nikimwaga maji kwenye pipa, nilimsikia Tausi akisaga. Mara tatu, kimya, mara mbili. Mwendo ule ule wa Lukresia. Nilisimama na ndoo mkononi mpaka amalize.

Jumatano Sylvanus akaniita. "Mzee Melkior, Ijumaa tunampiga risasi. Mifupa ile inatisha wageni."

"Ni meno tu, bosi."

"Meno, meno! Umesomea wapi meno wewe?"

Nikaenda mpakani mwa kihamba changu, shamba la ukoo, nikakata jani la isale, nikalipiga fundo, nikamwekea mezani mbele ya watu. Mchagga akiombwa kwa isale hakatai. Akikataa, balaa linabaki kwake. Sylvanus ni Mchagga wa Kibosho. Alilitazama kama anayetazama nyoka.

"Mbe, mzee wangu, isale kwa ajili ya farasi?"

"Naomba daktari aje. Basi."

"Nikilipokea, kinyongo kimekwisha kati yetu. Chote. Na cha mama Lukresia pia. Usije kesho ukaniambia habari za gari."

Nilimfikiria Tausi na bunduki. "Kimekwisha," nikasema.

Akalichukua. "Kesho basi. Akishindwa kula mbele yangu, shauri yako."

Kesho yake asubuhi akaja Daktari Evelyn, binti mwembamba mwenye mikono ya fundi seremala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Upande wa kushoto ndio mbaya."

Akampiga sindano ya kusinzisha, akamfunga chuma cha kukenulia mdomo, akawasha tochi ya kichwani. Tupa ikaanza kukwaruza. Vumbi la meno likanuka kama ukucha ulioungua. Mara akasimama, mkono ungali ndani ya kinywa.

"Mzee, nani amemwekea huyu karafuu?"

"Hapa? Hata chai ya viungo hatuna."

Akatoa koleo taratibu. Karafuu tatu, nzima, kavu, kama zimetoka dukani sasa hivi. Zilikuwa zimeshindiliwa kwenye tundu la gego lililooza. Daktari alijaribu kucheka. Sylvanus, aliyekuwa mlangoni, akavua kofia.

"Ling'oe," akasema. "Haraka, daktari."

Kazi ilichukua karibu saa nzima. Mimi nilishika kichwa. Gego lilipotoka, Tausi alishusha pumzi ndefu, kama mwanamke anayetua mkungu wa ndizi baada ya kupanda mlima nao, na ubaridi ukanipita shingoni kuelekea nje.

Mchana dawa ilipoisha, tukampa majani mabichi yaliyokatwakatwa. Alikula yote. Hakutema hata unyasi.

"Haya, anaishi," Sylvanus akasema. Aliniangalia machoni, mara ya kwanza tangu msiba. "Yamekwisha, mzee." Akaondoka na daktari.

Nikamsogelea Tausi nimpapase shingo. Akalaza masikio nyuma, akanitazama kama farasi anavyomtazama mtu asiyemjua, akajivuta hadi pembeni na majani yake.

"Tausi," nikamwita.

Nikaita jina lingine, kwa sauti ya chini, wasisikie kule nje.

Akaendelea kutafuna.