Jina la Yasuho

Mhariri wangu Shirafuji ana miaka ishirini na tisa na bado ananiogopa, jambo linalotusaidia sana kazini. Siku ile ya Novemba alikuja kwangu Nerima, Tokyo, na bahasha mkononi, akavua viatu, akapiga magoti mbele yangu utadhani kaja kuposa.

"Mwalimu," akasema, "watu wa studio wanataka kuthibitisha majina ya mwanzo wa anime, hiyo katuni ya televisheni. Mwisho ni Ijumaa ijayo. Wameandika 'Hadithi na michoro: Kanzaki Orie.' Gonga muhuri hapo chini tu, nikuache ufanye kazi."

Nikaitazama karatasi. Miaka ishirini na nne nimeona jina langu likikaa peke yake juu ya manga yenyewe, kitabu cha hadithi ya michoro, na sijawahi kufa kwa aibu. Siku ile nilikaribia.

"Sigongi," nikamwambia.

"Kuna herufi imekosewa?"

"Hakuna kilichokosewa ila ukweli. Hadithi si yangu peke yangu. Yuko mwenzangu, na bila jina lake muhuri wangu hauoni hii karatasi."

Maskini kijana, uso ulimshuka. "Mwalimu, usinitanie. Mwenzako yupi?"

Ikabidi nimweleze, na mimi si mtu wa kueleza. *Mashujaa wa Shingo Upande* tuliianza wawili, nyuma ya darasa, kwenye daftari moja, kwetu Murakami, mji wa samaki. Yasuho aliandika maneno, mimi nilichora. Watu wanne wa mtaa mmoja wa soko wanachaguliwa na mizimu ya mto wapigane kwa uchawi, na hakuna hata mmoja anayetaka. Yule anayependwa na wasomaji kuliko wote, Hisame, upanga ulimtokea ardhini akiwa amepanga foleni ya viazi vya kukaanga, naye akauambia, "Tafuta mwingine, nikitoka hapa nitapoteza nafasi yangu." Huyo ni Yasuho mtupu. Mdomo ule ni wake.

Wachapishaji walipotuita Tokyo tulikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wiki ile ile baba yake akapooza, na Yasuho hakupanda treni. Kwenye jukwaa la stesheni aliniambia, "Weka jina lako tu. La kwangu mtaliweka wapi, kwenye kibao cha bei ya samaki?" Tukacheka. Nilitakiwa kubisha pale pale, na nilitakiwa kubisha kila mwaka baada ya pale. Sikubisha hata mara moja.

Baadaye akaolewa kwa akina Itagaki, wauza samaki wa kukausha, na tukabaki na kadi za mwaka mpya. Kila mwaka alinichorea Hisame, vibaya kweli, miguu minene kama figili, na chini yake sentensi moja: "Mwaka huu pia sitaki." Nilikuwa nakula sentensi hiyo mwaka mzima. Maneno mengine aliyoandika pembeni niliyaingiza kwenye manga yalivyo, bila kuomba. Miaka mitatu sasa kadi yake haijaja.

"Mligombana?" akauliza Shirafuji.

"Hapana. Kimya tu."

"Si umpigie simu, Mwalimu?"

"Mtu uliyemwibia humpigii simu. Unapanda treni."

Kesho yake nikapanda. Nilinunua boksi la keki za maharage matamu na kuomba lifungwe kwa kamba nyekundu na nyeupe, maana naenda kwa jambo la furaha. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba radhi, nikikosea, nikianza upya, hadi mama wa kiti cha pili akahama. Niliandika jina lake kwenye ile karatasi kwa kalamu yangu nzuri, kando ya langu, nikaona limekaa vizuri.

Murakami mwezi wa Novemba ni samoni. Wamening'inia chini ya mapaa ya barabara nzima, vichwa chini, matumbo yamepasuliwa juu na chini, katikati pameachwa pameshikana. Kwetu samaki hapasuliwi tumbo lote. Babu zetu walikuwa watu wa upanga, na tumbo lililofunguka moja kwa moja liliwakumbusha namna wao walivyojiua aibu ikiwafika.

Duka la Itagaki nililijua kwa anwani ya kadi. Mwanamume mpana alikuwa anapasua samaki mezani, na pembeni, karibu na hita, bibi mdogo kama mtoto amekaa juu ya kigoda akihesabu ndoano.

"Shemeji, habari za hapa," nikasema. "Mimi ni Orie, wa Tokyo. Samahani kuja bila taarifa. Yasuho yupo?"

Kisu kikasimama.

"Anauliza nini huyu?" akasema bibi.

"Anamuulizia Yasuho, Mama."

"Masikio ninayo, nimemsikia. Nauliza, anauliza nini?"

Itagaki akanawa mikono, taratibu, kidole kwa kidole. Akanionyesha chumba cha ndani, nikavua viatu nikamfuata, boksi langu la kamba nyekundu mkononi. Ukutani palikuwa na kabati la wafu wa nyumba, milango wazi, wali kidogo kwenye kikombe, kijiti cha ubani. Kwanza niliona kadi zangu mbili za mwaka mpya, mwandiko wangu mwenyewe, zimesimamishwa vizuri. Nikajiuliza kwa nini zipo pale. Ndipo nikaona picha: Yasuho amefunga kitambaa cha dukani, anamcheka anayempiga picha.

"Kadi tulikutumia," akasema Itagaki kwa upole. "Desemba ile. Kadi ya msiba."

Ndiyo. Ilifika. Naikumbuka.

Desemba kwetu watu wa manga ni mwezi wa kufa mtu. Mitambo ya uchapaji inafungwa kwa sikukuu, kwa hiyo kurasa zote zinatakiwa kabla ya wakati. Na mwezi huo huo ndipo zinapokuja kadi za misiba, za kijivu, na ua la yungiyungi pembeni, zote maneno yale yale: kwa kuwa tumefiwa, mtuwie radhi, mwaka mpya hatutapeana salamu. Nani anazisoma? Unatazama jina la aliyetuma, unachukua orodha yako ya kadi, unamfuta kwa mwaka huo mmoja, maana nyumba yenye msiba haitakiwi heri ya mwaka mpya. Ukifanya hivyo umemaliza adabu. Mimi niliona "Itagaki". Nilijua nyumba ile ina mama mkwe aliyepita tisini. Nikasema peke yangu, brashi ikiwa mdomoni, "Ah, bibi naye kapumzika." Nikafuta mstari, nikarudi kuzitia wino nywele za Hisame. Jina la marehemu lilikuwa limeandikwa hapo chini, na umri wake, arobaini na nne. Sikufika chini.

"Ulidhani ni nani?" Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu ya mlango.

Mbele ya picha ile ningedanganyaje? "Nilidhani ni wewe, Mama."

Itagaki akainamisha kichwa. Bibi akanitazama kuanzia soksi hadi nywele.

"Alaa! Kumbe miaka mitatu yote marehemu ni mimi. Na ubani ulinichomea?"

"Hapana, Mama."

"Hata ubani! Mtu ananizika bure bure namna hii, hata kijiti kimoja!" Akacheka mpaka akakohoa, Itagaki akamshika mgongo. Kisha kicheko kikamwishia. "Ningekubali, unajua," akasema. "Kama wangeniuliza, ningekwenda mimi, yeye abaki na duka. Hawaulizi."

"Mama, kaa chini," akasema mwanawe.

"Nakaa. Nani kakwambia nimesimama kwa raha?"

Itagaki alizichukua zile kadi zangu mbili. "Hizi zilipokuja," akasema, "umemwandikia, 'Yasuho, na mwaka huu je? Bado hutaki?' Nikamwambia Mama, tazama urafiki huo, mtu anamwandikia mwenzake hata huko aliko. Nilidhani ndiyo desturi yenu nyinyi wawili. Nikawa namsomea hapa, kila asubuhi ya mwaka mpya. Kumbe."

"Kumbe," nikasema.

Nililia, na mimi nikilia silii kwa heshima, nalia kwa pua na mdomo. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemkosa miaka mitatu nikidhani amenuna, na wala hakuwa amenuna, na mtu aliyenuna angalau unaweza kumbembeleza. Nilimtamani ashuke ngazi aniambie nimezeeka. Hakuna aliyeninyamazisha. Bibi alinisogezea kitambaa cha kufutia meza, nikakitumia.

Nilipotulia, Itagaki akaiona bahasha. "Hicho ndicho kilichokuleta?"

Nikamweleza. Anime itaanza Aprili. Nataka jina lake kando ya langu, na bila ridhaa ya nyumba hii halitawekwa. Muhuri unatakiwa kabla ya Ijumaa.

"Jina la nini sasa?" akasema bibi. "Mtu wa kwenye picha hali jina. Linamtuliza nani, yeye au wewe?"

"Mimi, Mama. Lakini ni lake hata hivyo."

"Haya. Angalau leo hujatudanganya."

Nikaanza kukunja karatasi niondoke. Ndipo Itagaki akaanza kuongea, akiangalia mkeka wa tatami.

"Lile jarida linalochapisha manga yenu, kila lilipotoka alilinunua siku ya kwanza. Alilisoma amesimama pale dukani, katikati ya samaki, hata wateja wakimsubiri. Akikuta neno lake, anapiga meza. 'Hili langu!' Wateja wanadhani anasema fungu la samaki. Mimi nilimwambia, mwandikie basi, mdai. Akasema, 'Ataleta mwenyewe. Orie ni mzito tu, lakini ataleta.' Hakuwahi kusema kwa hasira, shemeji. Lakini alisema hivyo mpaka hospitali."

Nikaikunjua tena karatasi, nikaiweka mbele yake.

Akainuka, akafungua droo, akarudi na muhuri na kidau cha wino mwekundu. Akaisoma karatasi, midomo ikicheza. Muhuri ukabaki juu, haushuki. Nikajua atakataa, na nikaona ana haki.

"Umeandika Itagaki Yasuho," akasema.

"Ndilo jina lake."

"La hapa. Yasuho wa Itagaki alisimama dukani miaka kumi na tisa, akamwogesha Mama, akapasua samaki mpaka vidole vikapinda. Huyo ni wangu, nimeshamzika. Mambo ya kwenye daftari aliyafanya akiwa Honma, jina la baba yake. Andika Honma."

"Kiyotaka," bibi akamwambia mwanawe, "watu watadhani hakuwa mkeo."

"Wadhani."

Nikakata mstari juu ya Itagaki, nikaandika Honma. Shemeji akagonga, muhuri ukatoka umetapakaa. Akagonga mara ya pili, chini yake, ukatoka safi. Boksi langu la kamba nyekundu bibi alilifungua mwenyewe, akaikata ile kamba kwa kisu cha samaki, akaweka keki moja mbele ya picha na mbili mbele yake. "Za marehemu wote wawili," akasema, akala.

Shirafuji alipoiona karatasi ilivyochafuka alitaka kuzimia. "Mwalimu, hawataikubali hii." Wakaikubali. Niliwapigia simu mimi mwenyewe, na nikikasirika kwenye simu watu hukubali haraka.

Aprili akina Itagaki wakaniita nikatazame kwao. Jumapili saa kumi na moja jioni, na Itagaki alikuwa amefunga duka, jambo lililowafanya majirani waje kuuliza kama kuna mgonjwa. Baridi ilikuwa bado, tukaingiza miguu chini ya meza ya hita, blanketi mapajani, machungwa katikati. Bibi alikuwa amevaa kimono cha wageni. Milango ya kabati la wafu ilikuwa wazi na televisheni imegeuzwa kidogo kulielekea.

Muziki ukaanza. Mashujaa wakatokea wakikimbia juu ya daraja, mmoja mmoja, na wa mwisho kabisa Hisame, anauburuta upanga wake kama anayepeleka takataka. Alikuwa anatembea kweli, mabega yale, ule mwendo wa mtu anayetaka kurudi nyumbani. Maandishi yakaja chini ya kioo. *Hadithi: Honma Yasuho. Michoro: Kanzaki Orie.* Hata pumzi sikumaliza kuvuta, yakaondoka.

Chungwa lilikuwa mkononi mwa Itagaki, nusu limemenywa.

"Jina limepita?" akauliza bibi. Alikuwa anafuta miwani kwa ukosi wa kimono.

"Limepita, Mama."

"Mimi sikuliona. Rudisha."

"Hii yetu hairudishi. Wiki ijayo litapita tena."

"Na wiki ile nyingine?"

"Tena."

"Mara ngapi, zote kwa jumla?"

Itagaki akanigeukia. Ni mimi ninayejua mambo haya. "Kumi na mbili, Mama," nikasema.

"Kisha?"

"Kisha basi."

Bibi akavaa miwani yake, akaisukuma hadi juu ya pua, akajivuta karibu na televisheni pamoja na blanketi letu lote.

"Zimebaki kumi na moja," akasema. "Wiki ijayo uje mapema, binti, tukae tayari. Asitupite tena."