Mama Mkwe na Kulungu wa Clifford

Kwa wiki mbili Bruno alikuwa ametumwa ujumbe mmoja tu na mke wake, na kwa wiki mbili alikuwa anaukwepa. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: Lydie, mimba yake ikiwa imefika mwezi wa tisa, hataki mama yake aingie chumba cha kuzalia. Ni jambo jepesi ukimtuma mtu mwingine. Lakini mama huyo ni Katungu, na mwanamume Mkongomani aliyelelewa Butembo hamwambii mama mkwe wake akae nje. Kumtazama machoni tu ni kazi.

Tena Katungu si mama wa kunong'onezewa. Ndiye kiongozi wa kwaya pale kanisani Guildford, na hakuna mama Mkongomani au Mrundi anayekwenda kujifungua bila Katungu kando ya kitanda, akiimba, akiomba, akipiga makofi na kumwamuru mtu asukume. Wakunga wameshamtoa nje mara mbili. Mara ya pili walimwita askari wa mlangoni, naye Katungu akamwombea.

Jumapili hiyo ya Desemba, ibada ilipokwisha, Bruno alikuwa anamrudisha nyumbani kwa gari, wao wawili tu. Alijiapiza kwamba angesema kabla ya taa za barabarani. Taa zikapita. Akajiapiza za pili. Hapo simu ikalia kwenye spika za gari, na kusema kweli hajawahi kufurahia simu ya bosi wake kama siku hiyo.

Clifford alikuwa anapiga kutoka Queensland, alikokwenda kuona wajukuu. Ana shamba la kulungu nyuma ya Camden, na Bruno ndiye mfanyakazi wake. Jirani alikuwa ameona kulungu jike mmoja anazungukazunguka kando ya uzio tangu asubuhi, kwato mbili za ndama ziko nje, na hakuna kingine kinachofuata. Daktari wa mifugo alikuwa na farasi mahututi, asingefika kabla ya jioni. Ni Abigail, Clifford akasema. Abigail alikuwa kipenzi chake, alimlisha nafaka kwa mkono wake mwenyewe, na ndiyo maana akanenepa kama mke wa mbunge. Jike mnene huzaa kwa taabu.

"Twende," akasema Katungu. "Ni mama anazaa, shi ndiyo?"

"Ni nyama, Mama," akasema Bruno, akimaanisha mnyama.

"Nyama ya nini?"

Walipofika akamwona mwenyewe. "Ile?" akasema. "Kwetu ile ingekuwa imeisha kuingia ku sufuria. Bazungu banaifuga, tena banaipa jina."

Bruno alimswaga Abigail taratibu hadi ndani ya banda la giza, kisha akamfunga katikati ya kuta mbili za mbao zinazobana, zilizovikwa magodoro ili mnyama asijiumize. Kulungu si ng'ombe. Akishtuka huruka, akiruka hujivunja shingo, na hofu peke yake yaweza kumwua. Kwa hiyo ndani ya banda hilo hata Clifford, mtu wa kutukana redio, hutembea kwa ncha za vidole.

Bruno akanawa, akajipaka mafuta ya kulainisha, akapeleka mkono. Ukakwama kwenye vifundo vya vidole. Kwa ncha za vidole aligusa magoti ya ndama, lakini pua haikuwapo mahali pake. Kichwa kilikuwa kimegeukia nyuma. Bila kukirudisha mbele, ndama hatoki, na mama yake hafiki jioni. Bruno akajaribu tena, jasho likimwingia machoni.

Nyuma yake, Katungu alikuwa anamwona mama mwenye uchungu na hakuna mtu anayemwimbia. Akaanza kuimba. Abigail akaruka, mbao zikalia, kwato ikapita kando ya sikio la Bruno.

"Mama, polepole," akasema.

Katungu akapunguza mwendo wa wimbo. Sauti akaiacha palepale. Abigail akajipiga ukutani, akapiga tena, ulimi ukaanza kumtoka.

"Mama, nyamaza! Ndiyo sababu Lydie hakutaki kule ndani!"

Maji yakishamwagika hayazoleki. Wimbo ulikatika katikati ya neno, na Bruno akatamani ile kwato ingempata kichwani. Alisubiri kulaaniwa, hakulaaniwa. Kilichosikika ni pumzi za Abigail tu, kwanza za haraka, kisha za kushuka. Mnyama akatulia. Bruno akawa amepata ukimya aliouomba, na hakujua aufanyie nini, kwa sababu mkono wake bado ulikuwa mkubwa.

Aibu ikamshika, lakini hakuwa na muda nayo. "Mama," akasema bila kugeuka, "mkono wako ni mdogo."

Katungu alivua saa, akavua bangili, akapandisha mkono wa gauni lake la kitenge. Akaja akasimama bega kwa bega na mkwe wake nyuma ya makalio ya kulungu, mahali ambapo hakuna mila iliyowahi kufikiri kuwakataza.

"Ingiza pale," Bruno akanong'ona. "Kwa ile... mlango. Pale chini ya... ile ingine."

Katungu akalitaja lenyewe, lile jina ambalo watoto huchapwa kwa kulitamka, bila kupepesa jicho. "Endelea," akasema.

Bruno akaendelea. Abigail akimaliza kusukuma, umrudishe ndama ndani kidogo. Fuata shingo mpaka uipate pua. Funika pua na kiganja, meno yasimchane mama, halafu uizungushe ije mbele. Katungu alifumba macho. Midomo ilimcheza, lakini haikutoa kitu.

"Niko nayo," akasema mwishowe.

Abigail aliposukuma tena, Bruno akavuta miguu kuelekea chini, na ndama akateleza akaanguka kwenye majani, mrefu, mlegevu. Bruno akamfuta pua, akamsugua ubavu kwa nyasi. Ndama akapiga chafya. Bruno angecheka kama angekuwa na mtu wa kucheka naye.

Akamfungulia Abigail, akamshika Katungu kiwiko, wakatoka. Mama wa kulungu akiona watu hamlambi mwanawe. Walikwenda kukaa garini na kuangalia kupitia mlango uliobaki wazi kidogo. Ukimya wa Katungu, ambao Bruno aliuombea miaka mitatu, sasa ulimtisha. Abigail alisimama muda mrefu amewapa mgongo. Kisha akageuka, akainamisha kichwa, akaanza kulamba.

Simu ikalia. Spika za gari zikaipokea zenyewe.

"Babe," sauti ya Lydie ikajaa gari, "did you tell her?"

"Ameniambia," akajibu Katungu.

Lydie akaanza kujitetea. "Mama, sorry. It's just, you're so loud."

"Lydie, nilikuzaa ku pori, njia ya Lubero, tuko nakimbia. Basoda na bunduki zao banapita karibu. Shangazi yako alinifunga kinywa na kikwembe nisilie, akakaa juu ya mikono yangu. Nilikuzaa kimya." Akajifuta mkono uliokuwa bado na damu. "Na wewe ukatoka kimya. Hukulia. Nikajua umekufa, na sikuweza kuuliza, kinywa kilikuwa kimefungwa. Nilikaa na wewe juu ya tumbo mpaka basoda baliisha kupita. Sasa nikiona mwanamuke anazaa na watu wamenyamaza, moyo wangu unasema mutoto amekufa. Lakini nitakaa inje. Nimesikia."

Bruno alitazama usukani. Lydie tangu akiwa msichana husikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, hata kwa mama yake, hasa kwa mama yake.

"Mama," akasema Lydie. "Usikae inje. Kuja uimbe."