Kalamu Iliyonukia Marashi

Kalamu ya wino ya Uweso haikuazimwa na mtu. Aliinunua mbovu mnadani Pangani, akaifufua kwa kipande cha mpira wa valvu ya baiskeli, na tangu siku hiyo ikakaa kifuani mwa kanzu yake kama nishani. Hata mkewe, Saleha, akiigusa aliambiwa ataipinda ncha. Ncha!

Mtoto wao aliposhikwa na homa, mwalimu wa madrasa akaja kuandika kombe bila kalamu yake ya mwanzi. Uweso alikuwa amelala mchana. Saleha akaichomoa ile kalamu, akamwaga wino, akajaza zafarani na marashi. Mwalimu akaandika aya kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mtoto akayanywa. Kalamu ikarudi kifuani, zafarani tele tumboni.

Ijumaa ikawa harusi Kigombe, na Uweso ni shahidi. Akaisukuma kando kalamu ya mwalimu yuleyule, akachomoa yake kwa madaha, akatia sahihi. Ikatoka ya manjano, na baraza zima likanukia.

Nyuma ya pazia, Saleha akauma pindo la kanga.

Mwalimu akainusa hati. "Bwana Uweso, hii tuiweke, au tuioshe bwana harusi anywe?"