Sindano za Lounis

Goti la kulia la Dehbia lilianza kumsumbua mwaka aliomwozesha mwanawe wa mwisho, na kwa miaka saba aliishi nalo kama anavyoishi mtu na mke mwenza: hampendi, ila amemzoea. Asubuhi lilikuwa gumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Akiteremka vipandio vya mawe kwenda chemchemini, lilisagika hata akalisikia. Daktari wa mjini alilipiga picha, akamwambia gegedu, ule mto laini wa kati ya mifupa, limelika: apunguze uzito, afanye mazoezi ya kukaza paja, na asitarajie kupona kabisa. Dehbia alirudi kijijini kwake mlimani amenuna. Safari yote ile, kumbe ni kwenda kuambiwa ainue mguu na kuushusha kama mtoto mchanga.

Ndipo akaanza kwenda kwa Lounis. Huyu alikuwa mtoto wa Ferroudja, mdogo wake Dehbia. Aliwahi kuhudumu katika zahanati ya jeshi, akarudi kijijini na mkoba wa sindano na mkono usiotetemeka. Kila siku ya soko wanawake wenye magoti na migongo walijaa sebuleni kwa mama yake. Alichowadunga hakuna aliyekiuliza jina, maana kilifanya kazi. Dehbia alidungwa mara ya kwanza msimu wa tini, na kesho yake akateremka chemchemini akiimba. Nafuu ile ilidumu mwezi. Ya pili ilidumu wiki mbili. Mara ya tatu alidungwa siku moja kabla ya kuanza kuchuma zeituni.

Safari hii nafuu haikuja. Siku ya tatu aliamka goti limevimba, jekundu, la moto. Akalifunga kitambaa, akavaa gauni zito, akaenda shambani na wenzake. Alikuwa na sababu ya kuficha. Zahwa, mkaza mwanawe, alikuwa amesema mbele za watu kwamba chupa za Lounis hazina hata karatasi ya jina, naye Dehbia akamjibu kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sasa angemtazamaje?

Aliokota zeituni amekaa kitako, akijiburuta juu ya turubai. Wenzake wakamtania kwamba mwaka huu amekuwa bibi harusi, hainuki mpaka ainuliwe. Alicheka nao. Theluji ilikuwa tayari imeufunika mlima wa Jurjura, lakini jasho lilimtiririka huku meno yakigongana. Mchana, alipojaribu kuinuka ale, mguu ukakataa.

Ferroudja ndiye aliyemfikia kwanza. Alilifunua gauni, akaona, akalifunika upesi. Akamnong'oneza wasubiri jioni, Lounis atakuja na dawa ya kutuliza. Hospitali wataulizwa maswali, na maswali yatamfunga kijana.

"Dada, yule ni mwanao pia," alisema. "Wewe ndiye uliyembeba mimi nikiwa siwezi kuinuka kitandani."

Dehbia akafumba macho. Zahwa alikuwa amefika na kikapu cha mikate. Hakuomba ruhusa. Aliweka kiganja juu ya goti, akakiondoa kama aliyegusa sufuria.

"Tangu lini, mama?"

"Baridi tu hii, mwanangu."

"Baridi haichomi mkono."

"Wewe binti, usikuze mambo," alisema Ferroudja. "Tusubiri jioni."

"Mama mdogo, jioni tutakuwa tunasubiria maiti. Shika ncha hiyo ya turubai au unipishe."

Zeituni za asubuhi nzima zikamwagwa chini. Wanawake wanne wakamlaza Dehbia juu ya turubai, wakapanda naye mteremko hadi barabarani, wakasimamisha gari. Ncha ya nne aliishika Ferroudja, analia. Garini, njia nzima hadi mjini, alimminya dada yake vidole, na Dehbia alielewa alichokuwa akiombwa.

Daktari alivuta maji ya goti kwa bomba la sindano, ukatoka usaha. Alisema lazima wapasue na kuosha ndani leo hii. Angekawia siku mbili, pengine wangeukata mguu, pengine wasingekuwa na mtu wa kumkata. Kisha akauliza ni nani aliyemdunga. Ferroudja alikuwa amesimama mlangoni, uso hauna damu.

"Mpita njia," Dehbia alisema. "Simjui."

Zahwa aligeukia dirisha.

Dehbia alilazwa wiki tatu. Akarudi nyumbani na magongo mawili, kovu, na goti lake lilelile la kusagika. Kila asubuhi Zahwa alimkalisha kitini, akamhesabia: inua, kaza, shusha. Hawakuzungumza habari ya mpita njia. Kwa Dehbia, afadhali angetukanwa kuliko ukimya ule.

Siku moja ya soko jirani yake Malha, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, alipita akichechemea na kusema goti limemshinda, anakwenda kwa Ferroudja. Dehbia alimwacha apite. Akakaa. Kisha akachukua magongo.

Njia ile ya kupanda alizoea kuimaliza kabla chai haijapoa. Leo alisimama mara tano. Alipoingia sebuleni, Malha amekwisha kuketi, goti wazi, na Lounis ameshika sindano iliyojazwa.

"Weka chini, mwanangu," Dehbia alisema.

"Mama mkubwa, yako ilikuwa bahati mbaya tu."

"Basi msomee Malha jina la dawa hiyo. Huyu ana kisukari."

Lounis alitazama chupa, akamtazama mama yake. Dehbia aliegemea ukuta, akapandisha gauni, kovu likaonekana lote. Malha akajifunika goti polepole.

Mwanamke mmoja kando alisema kwa hasira kwamba daktari yuko mbali na maumivu yako hapa, yeye atadungwa.

"Dungwa," Dehbia alisema. "Lakini hospitalini nilimficha Lounis, na nimekosa usingizi tangu siku ile. Wakiniuliza tena, sitamficha."

Lounis akairudisha sindano mkobani, akaufunga. Ferroudja alikwenda mlangoni, akaufungua wazi.

"Toka nyumbani kwangu," alimwambia dada yake.

Lounis alihamia mjini kabla ya theluji kuyeyuka. Wengine wanasema bado anadunga huko, wengine wanasema anauza simu. Wanawake saba sasa hukusanyika uani kwa Dehbia na viti vyao, na mtaalamu wa viungo kutoka zahanati huja mara mbili kwa mwezi kuwasahihisha. Malha huhesabu vibaya makusudi ili wapumzike mapema. Goti la Dehbia lingali linauma, hasa siku za mvua.

Ferroudja hajaja hata mara moja. Kila Ijumaa Dehbia hupanda hadi mlangoni kwake, hutoa salamu, husubiri kidogo. Kisha huendelea kupanda njia, akitanguliza mguu ulio mzima kwenye kila kipandio, kama alivyofundishwa.