Chupa Arobaini za Agosti

Mlinzi aliinua chupa akaielekeza kwenye taa ya barabarani, akaizungusha, akaipindua juu chini, akaitikisa karibu na sikio.

"Ruda iko wapi?" akauliza.

"Imo humo humo," Rumilda akasema. "Imelala ndani siku ishirini, halafu nikaichuja. Nilitaka iwe safi."

"Sioni jani hata moja."

"Ndiyo kazi ya kuchuja, bwana."

Mlinzi akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajatia kitu tumboni. "Sasa Agosti itajuaje?"

Akairudisha chupa pale alipoitoa, kwa adabu, lebo ikitazama mbele kama alivyoikuta. Kisha akatembea hatua nane hadi kwa muuzaji wa jirani, Ña Tani, ambako foleni ilikuwa imeshafika kwenye nguzo ya simu.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, tarehe mosi Agosti, nje ya kituo cha mabasi cha Asunción. Siku hiyo kila mtu mwenye akili zake, na wengi wasio nazo, hunywa mafunda matatu ya carrulim kabla ya kitu kingine chochote kupita kooni: pombe kali ya miwa, majani machungu ya ruda na limau. Agosti ni mwezi unaoondoka na watu. Kuna baridi, kuna upepo, kuna vikohozi, na wazee waliovumilia Juni na Julai hufika katikati ya Agosti wakachoka. Anayekunywa huvuka. Asiyekunywa huenda naye akavuka, lakini hakuna anayetaka kujaribu. Na ukishaonja hata chai, basi, umechelewa hadi mwaka ujao. Kwa hiyo biashara yote ya carrulim ina saa tatu kwa mwaka, na Rumilda Ovelar alikuwa ameshamaliza nusu saa ya kwanza bila kuuza hata chupa moja.

Alikuwa nazo arobaini. Zilisimama juu ya kitambaa cheupe kwa safu nne, kioevu chake kikiwa cheupe kama maji ya kisima, vifuniko vimezungushiwa utepe, na kila moja ina lebo iliyoandikwa jina lake na kuchorwa ua. Maua yale yalichorwa na binti yake, Araceli, ambaye ana miaka kumi na mmoja na hapendi kuharakishwa. Zilikuwa chupa nzuri. Kila aliyepita alisema hivyo, kisha akapita.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye semina. Chama cha wanawake cha mtaani kwao kiliwaita wanawake kumi waliotaka kuanzisha biashara ndogo, wakakaa siku tano kwenye viti vya plastiki, wakafundishwa. Bidhaa iwe safi. Ifungwe vizuri. Iwe na jina lako. Kazi ya kesho ifanywe leo, nyumbani, ili mteja asisubiri. Usipoteze muda kwa porojo. Mwalimu hakuwa mjinga hata kidogo, na maneno yake yaliwasaidia wengi. Ila tisa kati ya wale kumi walikuwa wapika keki, washonaji na watengeneza sabuni. Rumilda peke yake ndiye aliyetaka kuuza majani ya dawa, na hakunyosha mkono kuuliza kama mambo ni yale yale. Aliona aibu. Alikuwa amesafisha nyumba za watu tangu akiwa na miaka kumi na saba, na katika kazi ile mtu hazoei kuuliza maswali.

Akafuata kila neno. Mwezi wa Juni alipata kipande chake cha barabara mbele ya kituo. Majani aliyakausha nyumbani, akayatwanga nyumbani, akayafunga kwenye vipakiti vilivyoandikwa TUMBO, INI, PRESHA, USINGIZI. Kinu chake cha mti alikuja nacho hata hivyo, kwa sababu kilizuia kitambaa cha meza kisipeperushwe na upepo.

Hatua nane kutoka hapo alikaa Ña Tani, bibi mfupi mwenye fulana ya mpira wa miguu juu ya sweta mbili, ambaye amekuwa kwenye kona ile kwa miaka ishirini na sita. Majani yake mabichi yalilundikwa juu ya gunia bila mpango wowote. Mtu alipokuja na chupa yake ya maji ya moto, Ña Tani hakumuuliza anataka nini. Alimuuliza anaumwa na nini. Mtu alianza na tumbo, akaingia kwenye usingizi, akaishia kwa mama mkwe, na muda wote huo mchi ulipanda na kushuka, ukisimama pale habari ilipokolea. Rumilda aliwahi kupima kwa saa. Ña Tani alitumia dakika saba kwa mtu mmoja, muda ambao yeye angehudumia watu watano. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni wale watano.

"Hujambo, Duka la Dawa," Ña Tani alimwamkia kila asubuhi, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Sasa ilikuwa Agosti. Dada yake Nimia, aliyeko Buenos Aires, alikuwa ameshamkatia tiketi ya basi ya tarehe tatu. Kuna familia inataka mfanyakazi wa ndani wa kulala hapo hapo, mshahara mzuri, Jumapili mapumziko. Nimia hakumlazimisha. Alisema tu, "Jaribu hiyo Agosti yako. Ikikataa, njoo." Rumilda aliijua kazi ile. Aliifanya huko miaka sita, na katika miaka hiyo Araceli alijifunza kutembea, kusema na kusoma akiwa kwa bibi yake, na aliporudi mtoto alimwamkia "shikamoo mama" kwa heshima ile ile anayompa jirani. Ilichukua mwaka mzima mtoto kumgombeza kama watoto wengine wanavyogombeza mama zao. Siku alipogombezwa mara ya kwanza, Rumilda alikwenda chooni akalia kwa furaha. Hakutaka kuanza upya. Hakuna kitu alichokitaka duniani zaidi ya kutoanza upya.

Akapunguza bei. Hakuna aliyekuja. Mama mmoja muuguzi alishika chupa, akakinusa kifuniko, akauliza, "Ni ya leo kweli hii, au ni pombe tu umeivalisha karatasi?" Akaondoka kabla ya kujibiwa.

Saa kumi na mbili kasorobo Rumilda alisimama, akafuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na uchafu, akaenda kwa Ña Tani.

"Ña Tani, niuzie ruda. Fungu moja."

"Siuzi."

"Nitakupa bei unayotaka."

"Hata ukinipa hiki kituo na mabasi yake." Ña Tani aliendelea kumimina. "Ruda ya kununua kwa muuzaji mwenzio inakausha meza zote mbili. Mama yako hakukuambia hilo?"

"Basi naomba."

"Ya kuomba ndiyo haina nguvu kabisa. Unatoka wapi wewe binti?"

"Caazapá."

"Na huko Caazapá ruda nzuri inapatikanaje?"

Rumilda alijua jibu. Kila mtoto wa Caazapá analijua, maana ametumwa na bibi yake ukutani kwa jirani alasiri, wakati jirani amelala.

"Ya kuibwa," akasema kwa sauti ya chini.

Ña Tani aliweka kikombe chini. Akakigeuza kigoda chake polepole, magoti yakilalamika, mpaka akawa amelipa mgongo kapu la ruda. "Nasikia kama basi la Encarnación limeingia," akasema. "Hebu nilitazame."

Hapakuwa na basi. Mlinzi aliyekuwa wa tatu kwenye foleni akageuka kutazama upande ule. Muuguzi akageuka. Dereva wa teksi aliyekuwa nyuma yao akavua kofia, akaweka kiganja juu ya macho kama mtu anayezuiwa na jua, ingawa jua lilikuwa bado. Foleni nzima, watu kumi na wanne, ikasimama kulitazama basi ambalo halikuwepo.

Rumilda akachukua fungu moja.

"Kwetu," Ña Tani akasema, akiitazama ile barabara tupu, "mwizi akishaingia hatoki na kimoja. Ni dharau kwa mwenye nyumba."

Akachukua matatu.

Kwenye meza yake alikiondoa kinu juu ya kitambaa, na upepo ukakipeperusha kitambaa chenyewe, chupa sita zikaanguka na mbili zikavunjika. Hakuziokota. Aliufuta vumbi mdomo wa kinu kwa ncha ya aproni, akatupia ruda, akapiga mchi. Harufu ikapanda, chungu na kali. Mara ya nne au ya tano ya mchi watu wawili wa mwisho kwenye foleni ya jirani waligeuza shingo. Alichana utepe wa chupa ya kwanza kwa meno, akachomeka majani kwa kidole kupitia shingo yake nyembamba, akaitikisa. Pombe ikaanza kugeuka rangi, ikawa na vumbi la kijani. Lebo ilikunjamana. Sasa ilifanana na kitu kilichotengenezwa na bibi wa mtu.

Dereva wa teksi ndiye aliyekuja kwanza.

"Mafunda matatu," akasema.

Rumilda hakuwa na gilasi. Akafungua chupa yake ya chai, akachukua kikombe chake cha kufunikia, akamimina. Kisha mkono ukasita. Kuna kitu alitakiwa kusema hapa, na hakuwahi kukisema kwa mtu yeyote tangu Juni.

"Agosti ya mwaka jana ilikufanyia nini?" akauliza.

Yule bwana akafikiri. "Iliniachia kikohozi mpaka Oktoba. Na mke wangu akaondoka. Ila huyo alikuwa na safari yake, siwezi kuusingizia mwezi."

"Kikohozi kilikuwa kikavu au cha makohozi?"

"Kikavu. Usiku hasa."

Akaongeza jani, akatwanga tena kidogo, ingawa jani moja zaidi halibadilishi kitu. Dereva akanywa mafunda yake matatu, akijipiga kifua kila baada ya funda, na akanunua chupa ya kaka yake. Nyuma yake tayari walikuwa wanne. Bibi mmoja alisema Agosti iliyopita ilimchukulia kuku kumi na mmoja, na akaieleza tabia ya kila kuku. Mlinzi, ambaye alikuwa ameshakunywa kwa Ña Tani, alikuja hata hivyo. "Nipe ya mama mkwe," akasema. "Naona sasa ina ushahidi." Rumilda alicheka, akashangaa kujisikia akicheka barabarani. Aliwahudumia taratibu mno. Hakuna aliyelalamika.

Saa mbili jua lilikuwa limepanda juu ya paa la kituo na watu waliopita walikuwa wameshakula chipa zao, mikate ya jibini, wakitafuna, wamechelewa au wamevuka. Chupa tisa zilibaki. Ña Tani alikuja akiburuta kigoda chake, akakaa bila kukaribishwa.

"Kesho watu watataka mnanaa na mchaichai," akasema. "Mbichi. Njoo nao mbichi. Hivyo vipakiti vyako kawauzie watu wa mabasi ya kwenda mbali, msafiri hana mtu wa kumtwangia. Na usikae pale hatua nane, kaa ishirini. Tunasikilizana mpaka nasahau ninachotwanga."

"Sawa, Ña Tani."

"Na hilo jina lako kwenye chupa ni zuri. Liache."

Akaondoka na kigoda chake. Rumilda alianza kukusanya vigae vya chupa zilizovunjika, na hapo ndipo mwanamke mwenye sanduku alipokuja. Hakuwa amefika miaka thelathini. Sanduku lilifungwa kwa kamba mara mbili, na koti alilovaa lilikuwa la mtu mwingine.

"Bado unayo, dada? Sijala kitu tangu jana. Basi la Buenos Aires linatoka sasa hivi."

Rumilda alimimina. "Agosti ya mwaka jana ilikufanyia nini?"

"Haikunifanyia kitu. Naiogopa hii."

"Unakwenda kulala kwa waajiri?"

"Ndiyo. Binamu yangu kanitafutia."

"Una watoto?"

"Wawili. Wako na mama."

Rumilda alirudi kwenye kinu akatwanga, na akatwanga zaidi ya ilivyohitajika. "Wakikuonyesha chumba," akasema bila kuinua uso, "angalia kama mlango una kitasa kwa ndani. Jumapili toka, hata wakikwambia ni leo tu ubaki. Na nyumbani piga simu wakati watoto wanakula. Wakiwa wanacheza hawataki kuongea nawe, utaumia bure."

Mwanamke alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili. "Umekaa huko?"

"Miaka sita."

Akageuza lebo moja, akaandika namba nyuma ya ua. "Huyu ni dada yangu, anaitwa Nimia. Mtafute ukifika, atakuonyesha mji. Alikuwa ananisubiri mimi tarehe tatu."

"Nimwambie nini?"

Kondakta alikuwa anaita. Rumilda aliitazama meza yake, vigae, kitambaa chenye matope, chupa tisa zenye majani.

"Mwambie niko kazini," akasema.

Yule mwanamke alikunywa mafunda yake matatu, akakaza uso kwa uchungu wake, akabeba sanduku akakimbia. Basi lilipopinda kutoka kituoni alikuwa amekaa upande wa dirisha, na jani dogo la ruda lilikuwa limeganda kwenye mdomo wake wa chini. Hakulifuta.